Ahadi ya Waya: Wanawake na Miaka ya Mwanzo ya Intaneti

Mvua haikuwahurumia wajumbe waliokusanyika katika mji mdogo wa Huairou mwanzoni mwa mwezi wa Septemba mwaka 1995. Wanawake wapatao 30,000 kutoka kila pembe ya dunia walikuwa wamefika huko, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kaskazini mwa Beijing, kuhudhuria kongamano la mashirika yasiyo ya kiserikali lililokwenda sambamba na Mkutano wa Nne wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake. Serikali ya China ilikuwa imelihamishia kongamano hilo mbali na mji mkuu miezi michache tu kabla ya kufunguliwa, uamuzi ambao wengi waliuona kuwa ni njia ya kuwaweka wanaharakati mbali na macho ya wakaazi wa Beijing. Njia zilijaa matope na mahema yakalowa. Katika mazingira hayo kulikuwa na kituo cha kompyuta ambako mjumbe kutoka Dakar, Quito au Manila aliweza kuketi, akaandika taarifa ya mambo aliyoyasikia mchana huo, na kuituma nyumbani ikasomwa kabla gazeti la kesho yake halijapigwa chapa.

Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Mwaka 1995 lilikaribia kuwa muujiza. Wengi wa waliopanga foleni katika kituo hicho hawakuwahi kugusa kompyuta, seuze kuwa na anuani ya barua pepe. Na waliozivuta nyaya, waliozihudumia modemu zilizogoma, na waliowashika mkono wageni hao katika barua yao ya kwanza walikuwa wanawake pekee, wapatao 40, kutoka katika nchi zaidi ya 20. Walikuja kwa niaba ya mpango wa wanawake wa Jumuiya ya Mawasiliano ya Kimaendeleo, ijulikanayo kwa kifupi kama APC.

Historia ya intaneti aghalabu husimuliwa kama kisa cha vijana wa kiume wa Kimarekani na magereji ya wazazi wao. Historia ya ufeministi na intaneti nayo, pale inaposimuliwa, huwa ni kisa cha wasanii na wanafalsafa wa Australia, Uingereza na Ujerumani. Wanawake wa Huairou hawamo katika kisa cha kwanza, na katika cha pili hutajwa kwa nadra, ingawa ndio walioibeba teknolojia hiyo mabegani wakaipeleka kwa wanawake wenzao. Ahadi za intaneti kwa wanawake zilikuwa mbili, wala hazikufanana. Moja iliandikwa katika ilani na vitabu. Nyingine iliandikwa katika hesabu za simu.

Ili kuzielewa ni lazima kurudi nyuma miaka 10, hadi mwezi wa Julai 1985, katika jiji la Nairobi. Huko ndiko ulikofanyika mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, baada ya ule wa Mexico wa mwaka 1975 na wa Copenhagen wa mwaka 1980. Rais wa mkutano alichaguliwa Bi Margaret Kenyatta, aliyewahi kuwa meya wa jiji hilo. Maelfu ya wanaharakati walijaa katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, na miongoni mwa mambo waliyoandaliwa yalikuwa ni maonyesho ya teknolojia inayomfaa mwanamke. Neno teknolojia wakati ule lilimaanisha majiko yanayookoa kuni, na zana za kusindika chakula bila ya kumvunja mtu mgongo. Kompyuta haikuwa imeingia katika hesabu ya mahitaji ya mwanamke wa kijijini, na aliyeitaja angeonekana anatania. Wajumbe walipoagana walibadilishana anuani za sanduku la posta. Barua kutoka Nairobi kwenda Lima ilichukua majuma, na mara nyingine haikufika kabisa. Teleksi na simu za kimataifa zilikuwa za serikali na za matajiri.

Katika mwaka huohuo wa 1985, huko California, mwanazuoni Donna Haraway, aliyesomea elimu ya viumbe, alichapisha katika jarida la mrengo wa kushoto la Socialist Review insha iliyokuja kujulikana kama Ilani ya Saibogi. Saibogi ni kiumbe cha kubuni, nusu mtu na nusu mashine. Haraway aliwataka wanawake wa harakati waache kuitazama mashine kama adui na kukimbilia kwenye dhana ya mwanamke wa asili, mama wa ardhi, aliye mbali na viwanda. Kwa maoni yake, mpaka baina ya mtu na mashine ulikwisha kuvunjika, na kuvunjika huko kulifungua nafasi ya kuvunja mipaka mingine, ukiwemo ule wa mwanamume na mwanamke. Insha hiyo ni ngumu na imejaa dhihaka. Wengi walioinukuu baadaye walichukua kiumbe chake wakaacha hoja yake. Haraway hakusahau kuwataja wanawake wa kusini mashariki mwa Asia walioajiriwa na makampuni ya vifaa vya elektroniki. Wafuasi wake hawakuwa na kumbukumbu nzuri hivyo.

Mwaka 1991, katika mji wa Adelaide nchini Australia, wasanii wanne wa kike waliojiita VNS Matrix, Josephine Starrs, Julianne Pierce, Francesca da Rimini na Virginia Barratt, walitoa ilani yao wenyewe, wakaisambaza kama bango. Lugha yao ilikuwa ya ukali na ya kuchokoza kwa makusudi, na maneno ya mwili wa mwanamke waliyoyatumia yasingepita katika redio yoyote ya Afrika Mashariki. Walidai kuwa ulimwengu wa kompyuta, uliokuwa umetawaliwa na wanaume na michezo yao ya vita, ungevamiwa na wanawake kama vile virusi vinavyoingia katika programu. Kutokana na vuguvugu hilo, huko Australia na Uingereza karibu kwa wakati mmoja, lilizaliwa jina jipya: ufeministi wa mtandaoni.

Aliyeipa fikra hiyo historia alikuwa Mwingereza Sadie Plant, katika kitabu chake Zeros + Ones kilichotoka mwaka 1997. Plant alimrejesha jukwaani Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, ambaye katika mwaka 1843 alieleza namna mashine ya hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage ingeweza kupewa maagizo. Aliwakumbusha wasomaji kuwa mashine hiyo iliazima kadi zake za matundu kutoka katika kitanda cha mfumi cha Jacquard, na kwamba kufuma ni kazi ambayo wanawake wameifanya tangu kale. Kwa Plant, mtandao ulikuwa kitambaa. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hoja hiyo si ngeni sana, maana huko kanga imekuwa ikibeba maneno kwa vizazi kadhaa, na mwanamke aliweza kumfikishia jirani yake ujumbe mkali bila ya kufumbua kinywa. Lakini Plant alikwenda mbali zaidi. Aliandika kana kwamba mtandao, kwa umbile lake wenyewe, ungeumaliza utawala wa wanaume hata kama hakuna aliyeupigania.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Ahadi kubwa ya miaka hiyo ilikuwa kwamba mtandaoni mwili hautaonekana. Mtu angejulikana kwa maneno yake tu. Hakuna ambaye angejua kama mwandishi ni mwanamke au mwanamume, mweusi au mweupe, mzee au kijana. Ahadi hiyo ilipata jeraha mapema. Katika LambdaMOO, ulimwengu wa kubuni ulioendeshwa kwa maandishi matupu kutoka katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, mtumiaji mmoja alitumia programu kuwafanya wahusika wa watu wengine waonekane mbele ya hadhira wakitendewa ukatili wa kijinsia. Mwandishi wa habari Julian Dibbell alikieleza kisa hicho katika gazeti la The Village Voice la New York mwezi wa Desemba 1993. Hakuna aliyeguswa mwili, ilhali walioandamwa walisema wazi kuwa wameumizwa. Wakaazi wa ulimwengu ule wa maneno walijadiliana kwa muda mrefu juu ya adhabu na sheria, mambo ambayo walidhani wameyaacha nje.

Mwezi wa Septemba 1997 wanawake wa mkondo huu walikutana Kassel, Ujerumani, wakati wa maonyesho makubwa ya sanaa ya Documenta, wakaandaliwa na kundi lililojiita kwa mzaha Old Boys Network. Badala ya kueleza ufeministi wa mtandaoni ni nini, walitoa orodha ya mambo 100 ambayo si ufeministi huo. Msanii Faith Wilding, aliyekuwapo, aliuliza baadaye kwa uchungu kidogo ufeministi wenyewe umekwenda wapi katika yote hayo: kama kila mtu anakataa kusema anadai nini, nani atadai? Mtafiti Lisa Nakamura naye alionyesha kuwa hata penye maandishi matupu, rangi na asili ya mtu havikufutika. Watu walivivaa na kuvivua kama mavazi ya watalii.

Wanawake hawa hawastahili kubezwa. Walithubutu kuota wakati ambapo wengine waliona kompyuta kuwa chombo cha makarani na wanajeshi. Ila ndoto yao ilianza pale ambapo simu inafanya kazi na umeme haukatiki, na mtu anayeanzia hapo hana sababu ya kuulizia bei.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta ya Nairobi, ya Harare au ya Kampala haikuwa imeunganishwa na dunia saa zote. Ilitumika njia ya Fido, ambayo kwa ufundi wake ilifanana na safari za majahazi yaliyongoja upepo wa kaskazi. Ujumbe ulioandikwa mchana ulikusanywa na kubanwa katika furushi moja la kielektroniki. Ulipofika wakati uliopangwa, kompyuta mbili zilipigiana simu ya kawaida kupitia modemu, zikabadilishana mafurushi, kisha simu ikakatwa mara moja ili gharama isipande. Jibu lilipatikana kesho au keshokutwa. Kwa mtu aliyezoea barua ya majuma sita, siku mbili hazikuwa kitu. Jijini Nairobi kituo cha namna hiyo kilikuwa katika shirika la mazingira la ELCI. Kampala kilikuwa Chuo Kikuu cha Makerere. Na mafurushi mengi ya Afrika yalipitia London, katika shirika la GreenNet, ambako lango hilo liliendeshwa na mwanamke wa Kiaustralia, Karen Banks.

Huko Addis Ababa, katika Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi kwa Afrika, kulikuwa na Mmarekani Nancy Hafkin. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanahistoria, ambaye tasnifu yake ya udaktari ilihusu biashara na siasa za kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 1976 alikuwa mmoja wa wahariri wawili wa kitabu kuhusu wanawake katika Afrika. Alifanya kazi kwanza katika kituo cha wanawake cha tume hiyo, kisha akahamia katika mambo ya habari na kompyuta, na mradi aliousimamia ulisaidia kufikisha barua pepe katika nchi zaidi ya 10 za Kiafrika kabla intaneti kamili haijafika. Pengine haikuwa ajali kwamba kazi hiyo iliangukia mikononi mwa mtu aliyesoma historia ya bandari na wafanyabiashara. Alijua kuwa anayemiliki njia ndiye anayeamua kipi kitapita.

APC yenyewe iliundwa mwaka 1990 na mitandao ya nchi saba, zikiwemo Uingereza, Marekani, Brazil na Nicaragua, kwa ajili ya kuwahudumia watu wa amani, mazingira na haki za binadamu ambao makampuni ya simu hayakuwa na haja nao. Mwaka 1993 wanawake waliokuwa ndani yake waliunda mpango wao. Mmoja wa waratibu wake wa mwanzo alikuwa Sally Burch, mwandishi wa habari mwenye makao yake Ecuador. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa Beijing, na ndiyo maana katika miaka miwili iliyofuata walifundishana kwa haraka: namna ya kuunganisha modemu, namna ya kuendesha seva, namna ya kumfafanulia mtu mzima mwenye woga kwamba kompyuta haitalipuka akibonyeza kitufe kisicho chake. Hawakuuliza kama mashine ina jinsia. Waliuliza simu italipwa na nani, mafunzo yatatolewa kwa lugha gani, na mtambo ukiharibika saa nne usiku nani ataufungua.

Mkutano mkuu, ule wa serikali, uliongozwa na Katibu Mkuu Mtanzania, Bi Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, mwalimu wa zamani aliyewahi kuwa waziri na balozi wa nchi yake India. Nyumbani aliporejea alijulikana kama Mama Beijing. Wajumbe wa serikali 189 walikubaliana juu ya mpango wa utekelezaji wenye maeneo 12 ya kutiliwa mkazo, na katika eneo linalohusu wanawake na vyombo vya habari ziliingizwa teknolojia mpya za mawasiliano: wanawake wapewe nafasi si ya kuzitumia tu, bali ya kushiriki katika maamuzi yanayozihusu. Nairobi mwaka 1985 jambo hilo lisingeingia katika waraka. Beijing liliingia, huku mfano wake hai ukiwa kilomita 50 kutoka ukumbi wa mkutano, ndani ya kituo cha wanawake wenye bisibisi mkononi.

Kilichofuata hakikutarajiwa na wengi wao. Intaneti kamili iliwasili, na ilikuja kama biashara. Mwaka 1994 Wakenya watatu waliosoma Marekani, mmoja wao mwanamke, Bi Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online, wakati ambapo wanafunzi na wafanyakazi wa Kiafrika walioko ughaibuni walikuwa na kiu kubwa ya habari za nyumbani. Kampuni hiyo ilinunuliwa baadaye na kampuni ya Kimarekani. Vituo vya Fido vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine, kwa sababu hakuna aliyetaka furushi la kesho wakati kuna dirisha la sasa hivi. Kwa mtumiaji wa kawaida hayo yalikuwa maendeleo, na si haba. Lakini shirika la wanawake ambalo jana lilikuwa na mtambo wake na fundi wake, leo lilikuwa mteja kama wateja wengine, likilipa kwa mwezi na kungoja kwenye foleni ya malalamiko. Badiliko hilo halikuandikwa katika ilani yoyote, nalo pengine ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Zikaja saiba za mitaani mwishoni mwa miaka ya 1990. Msichana aliyetaka kuingia humo alilazimika kupima mambo ambayo kaka yake hakuyapima: saa ngapi, nani ameketi mlangoni, watu watasemaje, na nani atapika wakati yeye yuko huko. Katika vituo vya mawasiliano vilivyojengwa vijijini kwa msaada wa wafadhili hali haikuwa tofauti sana. Kompyuta ziliwekwa kwa ajili ya wote, na wote wakageuka kuwa wavulana wa shule na wafanyabiashara. Nyaraka zilizomo zilikuwa za Kiingereza.

Uganda inatoa mfano unaofaa kukaa nao kidogo. Huko Nakaseke, kaskazini mwa Kampala, katika eneo la Luweero lililoteketezwa na vita vya miaka ya 1980, kilifunguliwa kituo cha mawasiliano cha jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha kimataifa cha wanawake chenye makao yake New York, IWTC, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya Kanada, IDRC, kilipeleka huko sidii iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya wanawake wa vijijini. Haikuhitaji kusoma wala kuandika. Ilikuwa na picha za kubonyeza na sauti iliyozungumza Kiganda, ikieleza namna ya kujipatia kipato kwa kutumia kile ambacho mtu tayari anacho. Mwanamke mmoja aliyekwishafikia umri wa miaka 70 hivi alijifunza kuitumia, kisha akawa anawafundisha wenzake. Wafadhili waliipenda sana habari yake, hata ikaelekea kutiwa chumvi. Lakini alichokionyesha kilikuwa kweli. Kizuizi hakikuwa akili ya mwanamke wa kijijini. Kilikuwa uamuzi wa watu wa mbali kwamba mashine itazungumza lugha gani.

Mwezi wa Mei mwaka 2000 mashirika kadhaa ya wanawake mjini Kampala yaliunda mtandao wao, WOUGNET, chini ya uratibu wa mhandisi Dorothy Okello, mhadhiri wa Makerere. Mtandao huo ulianza na barua pepe na tovuti, ukatambua mapema kuwa wengi wa wanawake uliotaka kuwafikia hawangefika kwenye tovuti hata siku moja. Mwaka 2005 ulifungua kituo cha habari katika wilaya ya Apac, kaskazini mwa nchi, ambako wanawake wakulima waliuliza maswali yao juu ya mbegu na magonjwa ya mimea, majibu yakatafutwa mtandaoni na kwa wataalamu, kisha yakarudishwa kwao kupitia redio, kanda na simu za mkononi. Intaneti ilikuwa upande mmoja tu wa njia. Upande wa pili kulikuwa na redio juu ya kigoda na watu wakiizunguka.

Wasikilizaji wa masafa mafupi hawatashangaa. Nchini Costa Rica, kundi la wanawake lililojulikana kama FIRE lilianza kutangaza kwa masafa mafupi mwaka 1991, na mwaka 1998 likahamia katika redio ya mtandaoni, miongoni mwa watu wa mwanzo kufanya hivyo. Walipata wasikilizaji katika miji ya mbali ambayo mawimbi yao hayakuwa yakisikika vizuri. Vijijini, ambako redio ndogo ya betri ilikuwa imetosha, msikilizaji asiye na kompyuta alibaki na mlio wa mawimbi.

Kufikia katikati ya miaka ya 2000 mtandao ulikuwa umerudisha mwili uliodaiwa kufutwa. Picha, jina, namba ya simu na mahali mtu alipo vilikuwa wazi, na mume au mpenzi wa zamani aliweza kuvitumia kama fimbo. Mwaka 2006 mpango uleule wa wanawake wa APC ulianzisha kampeni iitwayo Take Back the Tech!, inayofanyika kila mwaka kati ya tarehe 25 Novemba na 10 Desemba, siku 16 za kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Wito wa kuirejesha teknolojia unabeba ukumbusho kwamba iliwahi kuwa mikononi mwao, na kwa waliokuwapo Huairou maneno hayo hayakuwa ya kutia chumvi.

Wapo walioitumia bila ya kungoja kurejeshewa. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 kuzua machafuko, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ambayo wananchi wangeijaza kwa taarifa za ghasia kupitia simu na intaneti. Katika siku chache za Januari 2008 yeye na wenzake, akiwemo Juliana Rotich, walilitekeleza na kulipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Programu hiyo imetumiwa baadaye katika nchi nyingi, mojawapo ikiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010.

Lakini yaliyompata Dokta Stella Nyanzi wa Uganda yanaonyesha upande mwingine. Mtafiti huyo wa Makerere aliwachangisha watu mtandaoni ili kununua taulo za hedhi kwa wasichana wa shule, baada ya serikali kusema kuwa haina fedha za kutimiza ahadi iliyotolewa katika kampeni za uchaguzi. Alikamatwa mwezi wa Aprili 2017 kwa maneno makali aliyoyaandika katika Facebook dhidi ya Rais Museveni, akakaa rumande zaidi ya mwezi mmoja. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi alilolichapisha katika mtandao huohuo, hukumu iliyotenguliwa na Mahakama Kuu mwezi wa Februari 2020. Lugha yake ya kuutumia mwili kama silaha ingetambuliwa mara moja na wasanii wa Adelaide wa mwaka 1991. Wao walibandika mabango na kwenda nyumbani.

Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, za mwaka 2023, asilimia 70 ya wanaume duniani walikuwa wakitumia intaneti, na asilimia 65 ya wanawake. Barani Afrika pengo ni pana zaidi. Nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, mmoja wao ukitoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, zilipunguza gharama ya mawasiliano kuliko mkutano wowote ulivyoweza. Hazikuifuta hesabu ya simu. Mwezi wa Julai 2018 serikali ya Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, ilipwe kabla ya kufungua ujumbe wa kwanza. Mwanamke aliyeuza nyanya sokoni na mkurugenzi wa benki walitozwa sawa. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bei ya data.